Choo cha Babu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa kule Handeni, upande wa Kwamsisi, nyumba zilipangwa mstari kama wanafunzi gwarideni. Kila kaya iliamriwa ichimbe choo. Babu, mzaa baba, alichimba chetu kwa mikono yake, akakiezeka nyasi. Hakuna aliyekiingia.

Bwana afya alipokuja kukagua alichungulia shimoni, akacheka.

"Shikamoo, mzee. Choo kisafi hivi, nyumba hii mnakula upepo?"

"Marahaba. Unataka nichuchumae alipochuchumaa mke wa mwanangu? Kwenu hamna haya?"

Majirani waliangua kicheko. Mama, aliyekuwa akipeta mahindi, aliinamisha uso. Kwake, kuingia choo cha baba mkwe kulikuwa sawa na kumkuta utupu.

Kwenye makazi ya zamani pori lilikuwa pana, kila mtu na upande wake. Hapa kilibaki kichaka kimoja tu, mteremkoni, juu ya lambo tulimochota maji. Masika ikaja, ikateremsha kila kitu.

Mdogo wangu alianza kuhara asubuhi. Jioni ilikuwa damu. Mama alimnyima maji, maana sote tuliamini maji huzidisha kuhara. Mtoto alijikokota hadi kwenye mtungi, akawa analamba jasho la mtungi kwa nje.

Zahanati dawa zilikuwa zimekwisha. "Mkimbizeni Korogwe," tuliambiwa. Alfajiri baba akawapakia mama na mtoto kwenye baiskeli. Kabla jua halijawa kali niliwaona wakirudi kwa miguu, baba akikokota baiskeli, mama amebeba kitu kilichofunikwa kanga gubigubi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba bakteria wa kuhara damu aligunduliwa na daktari wa Kijapani zamani sana, pengine babu akiwa bado mtoto, na kwamba anayehara hunyweshwa maji, hanyimwi. Kumbe dunia ilijua! Na mtoto wa kwetu alikufa kwa kiu, mtungi umejaa.

Baada ya mazishi babu alimwita mama, akizungumza huku akitazama pembeni.

"Mkwe wangu, choo ni chako sasa. Mimi nitahangaika huko huko porini."

"Ndiyo, baba."

Mama alichukua kopo lake, akapita mbele ya kile choo bila kugeuza shingo, akateremka kuelekea kichakani. Maji ya kuwapikia waliokuja kuhani yalikuwa yamekwisha. Nikachukua ndoo, nikamfuata.