Vifuniko Viwili Mezani

Mwaka nilioandikwa kazi ni ule tuliokula ugali wa mahindi ya njano, yale ya msaada, watoto wakikataa kuumeza eti unanuka gunia. Nilikuwa na darasa la nne na mtoto mgongoni. Hospitali moja huko Homa Bay ilitaka mtu wa kuosha chupa za patholojia. Neno lenyewe sikulijua. Daktari wa Patholojia, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliniambia siku ya kwanza, "Mama, hapa tunauliza ugonjwa jina lake. Wewe usitapike tu."

Sikutapika. Aliyetapika ni karani.

Nyinyi vijana mnaona mashine na kompyuta. Sisi tulitumia macho na pua. Kipande cha nyama kikitolewa mwilini kililazwa kwenye formalini, yale maji makali yanayozuia kuoza na kukuliza kama umekata vitunguu gunia zima. Baadaye kiligandishwa ndani ya nta, kikakatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kikapakwa rangi, ndipo daktari akainamia darubini. Mimi nilishika chupa tu. Lakini chupa ndiyo mgonjwa. Ukikosea chupa, darubini itasema ukweli wa mtu mwingine.

Nikahamishwa Migori. Huko Msimamizi wa Maabara alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka. Karatasi za majina zilibanduka zikilowa, kwa hiyo aliandika majina juu ya vifuniko. Nikaona ni akili.

Siku moja zikaja chupa mbili, vipande vya matiti, kwenda Homa Bay kusomwa. Kimoja cha mama wa Muhuru, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kingine cha mwalimu wa kike kutoka Ntimaru. Formalini ilikuwa kidogo. Nikafungua zote mbili, nikaongeza. Kugeuka, vifuniko viko mezani, viwili, vimelala pamoja. Kipi cha wapi?

Hakuna aliyeniona. Ningefunika tu. Nikamwita msimamizi.

"Ah, Mama Akinyi! Kipande kikubwa ni cha huyu wa omena. Si yeye ndiye mnene? Funika, gari inangoja."

"Sifuniki chupa ambayo sijui ni ya nani."

"Unajua utanifukuzisha kazi?"

"Basi tutafukuzwa wawili."

Gari ikaondoka bila chupa zile. Wanawake wakaitwa wakatwe tena, na ni mimi niliyetumwa kuwaambia. Yule wa omena alisimama, mikono kiunoni. "Nyama yangu umeichanganya kama omena za sokoni? Ukatwe wewe kwanza!" Mwalimu alinyoosha kitambaa chake cha kichwa, akauliza tu, "Lini?"

Wiki tatu zikapita kabla ya majibu. Mama wa omena, uvimbe wa kawaida. Mwalimu, kansa. Hakumaliza mwaka.

Mume wake alikuja maabara, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama, zile wiki tatu?" Nilimpigia Daktari wa Homa Bay. Akasema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa, wiki tatu hazikumuua. Labda ni kweli. Labda alinipoza. Tangu siku hiyo jina liliandikwa tumboni mwa chupa, kwa rangi isiyotoka, na kila chupa ilifunguliwa peke yake. Msimamizi mwenyewe alinunua rangi.

Nimestaafu sasa. Mikono yangu haijakubali. Naosha kikombe ambacho hakijachafuka, nazunguka boma, nafungua mkebe wa sukari kuangalia kama ni sukari.

Majuzi maabara waliniita niongee na wanafunzi. Nikawasimulia haya yote. Msichana mmoja wa mbele, mwenye kucha ndefu ambazo formalini itazimaliza, akaniita bibi kwa Kijaluo, akaniuliza, "Dani, kama ungekisia, si pengine ungepatia? Mwalimu angepata majibu yake mapema."

"Pengine."

"Na kama ni leo, na unajua ya kwamba atakufa?"

Akilini nilimwona yule mume na kofia yake. Nikamwambia yule msichana:

"Sifuniki chupa ambayo sijui ni ya nani."