Kitambaa cha Mzee wa Mlangoni

Kila Jumapili Mukai aliwahi benchi la nyuma katika kanisa la mabati la Gatina, amtazame mzee wa mlangoni. Vidole vya mzee huyo vilikuwa na gundi ya useremala isiyotoka. Akija mtu, alichomoa kitambaa mfukoni, akapangusa vumbi benchini polepole, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Kaa, hapa ni kwenu." Mlevi wa chang'aa alipanguziwa, na karani mwenye suti alipanguziwa vilevile. Mukai alitaka sana kujua ni nani ambaye kitambaa hicho kingemkataa.

Siku moja akaingia Jentrix, aliyemnyang'anya Mukai mume, mtoto mgongoni. "Huyu naye hana haya!" wanawake wakaguna. Mukai akaukodolea macho mfuko wa mzee. Kitambaa kikatoka. Nafasi iliyobaki ilikuwa kando ya Mukai tu, na mzee akaipangusa, polepole kama siku zote.

"Mama Kavoi, songa kidogo," akamwambia Mukai.

"Mzee, huyu unamjua?"

"Namjua. Hata wewe nakujua. Songa, mama, mtoto ni mzito."

Mukai akakaza meno. Akasogea kidogo tu, nafasi ya mtu na mtoto wake, si zaidi.