Kifungo Kilichokaa Kombo

Mkamwana wangu hatoki nyumbani kwa sababu ya mapacha. Aliponiambia amefungua duka la mtandaoni, nilimcheka: "Duka lisilo na mlango? Haya, tutaona!"

Kutwa anafuma visweta vya watoto. Siku moja mapacha walilia kwa pamoja, nikamnyang'anya sindano, nikashona kifungo cha mwisho mwenyewe, kwa hasira. Kikakaa kombo.

Jana kanionyesha picha aliyotumiwa na mteja: kitoto cha watu ndani ya kisweta, na nje ya dirisha lao theluji tupu. Nikavaa miwani. Kifungo kimekaa kombo.

Nikakigusa kwa kidole, pale pale pichani.

Nimezeeka bila kuvuka mpaka, kumbe mkono wangu umeshafika kwenye theluji.