Gari la mjomba "lilikufa" silinda tatu njia ya Lindi, nikakaribia kukosa usaili

Wakuu habari zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sina nilichoongeza.

Nina shahada, sina kazi, niko Kilwa Masoko. Juzi juzi nikaitwa kwenye usaili Lindi mjini, saa nane mchana. Wa kwanza tangu nimalize chuo.

Mjomba Selemani akasema atanipeleka na gari lake la V6, silinda sita, alilonunua mwezi uliopita. Mtaani wameshamcheka kwamba kauziwa mkangafu, gari chakavu, kwa hiyo hataki kusikia neno baya juu yake.

Tukatoka saa nne. Tulipopita Nangurukuru, barabara nzuri, mjomba katulia kwenye mwendo mmoja, nikasikia muungurumo umebadilika. Mzito kidogo, na kiti kinatetemeka kwa mbali. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya kijani.

"Anko, gari linamisi, kama kuna silinda haichomi."

"Linamisi kichwani mwako."

Taa ikazima. Ikawaka tena. Nikaingia mtandaoni nikasoma kuhusu silinda kufa, wakuu, nikajiona nasukuma gari nikiwa na tai.

Nilimsumbua mpaka Kiranjeranje akasimama kwa fundi mmoja, mzee Mshamu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Linatetemeka wapi, mlimani au tambarare?"

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilijua ni tambarare tu, ila niliogopa asilichukulie tatizo kwa uzito. Nikajibu, "Kote."

Gari likiwa limesimama linanguruma, safi kabisa. Kwa jibu langu, ikabidi afungue plagi zote sita. Tatu za nyuma zimejificha, mkono haufiki. Saa sita ikapita. Plagi zote nzima.

Nikamwambia labda tuweke oili nzito, si joto la huku pwani? Mjomba ana dumu lake kwenye buti.

"Msomi, acha hilo dumu," akasema fundi. "Twende ukanioneshe."

Akaendesha mwenyewe. Kwenye kilima, kimya, taa haiwaki. Tulipofika tambarare akalegeza mguu: taa ya kijani, muungurumo ule ule.

Akacheka mpaka akapunguza mwendo.

"Silinda tatu zimelala. Hazijafa."

Alivyonielewesha ni hivi. Gari likienda mwendo wa kawaida bila mzigo, halihitaji silinda zote sita. Kompyuta inakata mafuta kwenye tatu. Presha ya oili inasogeza pini ndogo, valvu za silinda hizo zinabaki zimefungwa. Pistoni zinaendelea kupanda na kushuka, zikibana hewa ile ile iliyofungiwa ndani, nayo inazisukuma kurudi kama springi. Ukikanyaga mafuta, zote zinaamka mara moja. Lengo ni kubana matumizi ya mafuta, na ile taa ya kijani inakuonesha tu kwamba zimelala.

Na kwa kuwa oili ndiyo inayosukuma zile pini, ukiweka nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, mfumo unaweza kuchelewa au kugoma. Lile dumu lingetuletea ugonjwa wa kweli.

"Silinda ingekufa kweli, kilima kingekwambia," akamalizia. "Na wewe ungeniambia tambarare tangu mwanzo, sasa hivi mngekuwa Mchinga, mnakaribia Lindi."

Tukamrudisha fundi kwake, tukaondoka. Mjomba aliendesha huku akipiga mluzi, na kila taa ilipowaka ananitazama.

Nilifika saa nane na dakika ishirini, nina oili kwenye mkono wa shati. Jina langu lilikuwa limeshaitwa na kupitwa. Niliomba, wakaniingiza wa mwisho.

Wakati wa kurudi ndipo mjomba akafungua mdomo: "Mjomba, gari likipumzika, na wewe pumzika basi."

Nilichojifunza: fundi akikuuliza, jibu ulichokiona, siyo unachokiogopa.

Wiki ya pili sasa, hawajanipigia. Simu iko hapa mezani. Nimeshahakikisha mara nne leo kwamba laini ina mtandao. Najiambia imelala, haijafa.

Wenye gari za aina hii mikoa ya joto, mnatumia oili gani? Na waliowahi kufanya usaili Lindi, majibu huchukua muda gani? Niambieni ukweli tu, nitavumilia.