Ngamia wa Akoru, Barabara ya Kakuma

Ukitoka Lodwar kwenda Kakuma, kabla ya kufika laga ya tatu, yaani mto wa msimu wa tatu, palikuwa na kibao cha ngamia cha kuwaonya madereva. Hakipo tena. Kilichosimama pale sasa ni kibao cha ng'ombe, na ng'ombe hajawahi kuvuka barabara pale tangu Mungu alipoyaweka yale mawe.

Kibao cha ngamia kilichorwa na Akoru, mwanamke ambaye hajawahi kushika kalamu. Wakati lami inawekwa, alikuwa akiwapikia vibarua chini ya turubali, mahindi na maharagwe mchana, ugali jioni. Msimamizi wao alikuwa Wasike, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye tumbo la kutangulia. Lami ilipokauka, magari yakaanza kukimbia na ngamia wakaanza kufa, wanne kwa mwezi mmoja. Wasike aliagiza vibao kutoka Nairobi, akaambiwa viko njiani. Alipochoka kungoja alichukua kipande kinene cha plaiwudi, akamwambia fundi wake wa rangi achore ngamia. Fundi naye alitoka Bungoma. Akachora ng'ombe mwenye jipu mgongoni.

Vibarua walicheka mpaka wakaweka sahani chini.

"Huyu ameumwa na nyuki," mmoja alisema.

"Mama Rispa," Wasike akaita, maana Akoru ana binti mmoja, Rispa. "Hebu kuja uone. Huyu ni ngamia?"

"Huyu ni mgonjwa," Akoru akasema. "Lete hiyo brashi."

Akoru hakujua kuchora ngamia hivi hivi tu, ngamia asiye wa mtu. Alimchora Nakwang, ngamia wake mweupe. Alimwekea sikio la kushoto lililoraruliwa na fisi, na kengele ya mti shingoni. Kichwa alikigeuza nyuma, kwa sababu Nakwang hatembei hatua kumi bila kugeuka kumtafuta ndama wake. Kisha akatia nondo kwenye moto wa kupikia, ikawa nyekundu, akachoma nayo chapa kwenye ubao, pajani, mviringo wenye mkia.

"Mama, unaharibu!" fundi akapiga kelele.

"Ngamia asiye na chapa ni wa wizi," Akoru alimwambia. "Au ni wa serikali."

Wasike akacheka, akasema kisimikwe hivyo hivyo.

Ule mviringo ulikuwa chapa ya baba yake Akoru. Siku Akoru alipoolewa na Ekaale, baba yake alimkabidhi ngamia jike mmoja, ili wajukuu wake wasilale na njaa katika boma la watu. Mbele ya wazee, Ekaale alikubali kwamba uzao wa yule jike utabaki na chapa ya baba mkwe, na utakuwa wa Akoru. Nakwang alikuwa kitukuu wa yule jike, na ndiye jike pekee aliyebakia baada ya ukame wa mwisho. Kibao kiliposimamishwa, Ekaale alikuja na mkongojo wake kukitazama. "Umenisahau mimi, ukamchora yeye," alimwambia mkewe. Wachungaji waliopita kutoka Lokori waliuliza tangu lini ile laga imekuwa ya ukoo wa mviringo, na kama wanahitaji ruhusa kunywesha.

Wasike na watu wake walimaliza kazi wakaondoka, wala hakuna aliyejua walikoelekea. Mwaka uliofuata Ekaale akafa kwa ugonjwa wa kifua. Ndugu yake, Lokeno, akaja kuchukua mifugo ya marehemu, na hilo desturi inamruhusu. Nakwang hakuwa wa marehemu. Akamchukua naye. Akampeleka Kakuma, ambako maziwa ya ngamia hayakosi wanunuzi kwa sababu ya kambi ya wakimbizi.

Akoru alimfuata kwa miguu. Alipofika kwenye boma la shemeji yake alimkuta ameketi kwenye kigoda chake, mke wake mdogo anamkamua Nakwang.

"Ejok, shemeji," Lokeno alimsalimu. "Umekuja kunywa maziwa?"

"Nimekuja kumchukua ngamia wangu."

"Wako? Soma paja lake basi. Hata wewe usiyesoma unaweza kusoma mistari mitatu."

Akoru akazunguka upande wa pili. Kidonda kilikuwa bado kibichi, nzi wamekijaa. Mistari mitatu, chapa ya kina Lokeno, ilikuwa imechomwa kwa chuma kipana juu ya mviringo, tena na tena, mpaka pale palipokuwa na mviringo pakawa kovu moja kubwa lisilo na umbo.

"Chini ya mistari hii kuna chapa ya baba yangu," akasema.

"Chini ya mistari kuna nyama," Lokeno akajibu, na mke mdogo akainamia kibuyu ili asionekane akicheka.

Akoru alishtaki kwa chifu, Ethuro. Wazee walikaa, wakamwita Lokeno na ngamia, wakalishika lile paja kwa zamu. Mzee mmoja alifumba macho akapitisha kidole kwenye kovu kama mtu anayetafuta mwiba. Wakasema ngozi imeungua mara mbili, haisomeki. Wazee waliokuwepo siku ya harusi walikuwa wamekwisha kufa wote. Akoru akasema lipo paja jingine la Nakwang ambalo Lokeno hakulifikia na chuma chake, liko kwenye kibao barabarani.

"Kile kibao nimekiona," Lokeno akasema. "Kina mistari mitatu."

Mzee mmoja akasema anakumbuka mviringo. Mwingine akasema yeye aliangalia kengele tu. Ethuro akaamua.

"Kibao kilisimikwa Ekaale akiwa hai, na chapa iliyo juu yake ni ya moto, si ya rangi ya kufuta na kuandika. Wiki tatu kutoka leo, siku ya Alhamisi, tutakutana pale pale chini yake. Lokeno aje na ngamia. Tukikuta mviringo, mama huyu anaondoka naye siku hiyo hiyo."

Akoru akahamia barabarani. Alifunga kibanda cha matawi karibu na kibao, akapanga magunia ya makaa ya kuuza, na kila asubuhi alipanda jiwe na kufuta vumbi pajani mwa ngamia kwa leso yake. Mviringo ulikuwa pale, mweusi, umeingia ndani ya mbao nusu kidole. Kwa mara ya kwanza tangu Ekaale azikwe alilala usingizi.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili yaliposimama magari mawili. Walishuka watu saba wenye kofia na miwani, wakakimbilia kibao kama watu walioona ndugu yao. Mmoja wao, msichana aitwaye Wahu, alimweleza Akoru kwamba wao ni chama cha wapenda barabara. Wanazunguka nchi nzima kutafuta vibao vya ajabu na kuvipiga picha.

"Mnalipwa?" Akoru akauliza.

"Hapana, mama. Tunapenda tu."

Akoru alimwangalia vizuri, akaona ana afya njema kabisa. Wahu akamwonyesha kwenye simu. Kulikuwa na kibao cha watoto wa shule ambao hawana miguu, wanaelea tu. Kulikuwa na kingine chenye mshale wa kulia na wa kushoto, na barabara yenyewe haina kona. Kingine kilionya juu ya tuta, nacho kilikuwa kimewekwa baada ya tuta. Akoru alicheka kidogo. Hakuwa amecheka siku nyingi.

"Lakini hiki chenu kimevishinda vyote," Wahu alisema. "Mnyama wa kibao huangalia mbele. Huyu anaangalia nyuma. Na sikio, jamani, hilo sikio! Mama, unajua nani alichora?"

"Mimi."

Kijana mmoja wao, Reuben, akatabasamu. "Kila tunapofika kuna mtu anasema ni yeye."

"Ni mimi. Huyu ni ngamia wangu."

"Sawa, mama," Wahu alisema kwa upole, akampa chupa ya maji. Wakapanga mstari juu ya mawe mbele ya kibao, wakakumbatiana, wakapiga picha nyingi. Kisha wakapanda magari wakaenda zao. Akoru aliyanywa maji. Hakuona ubaya wowote kwao, na hilo ndilo linalomchoma mpaka leo, kwamba aliwapungia mkono.

Picha zilitembea kuliko wenyewe. Watu walicheka huko kwenye simu zao, wakauliza barabara kubwa kama ile inawezaje kuwa na ngamia wa sikio lililoraruka. Mkubwa fulani wa ofisi ya barabara akaona aibu. Siku nane baadaye lori likaja na wanaume watatu na kibao kipya kimefungwa kwa karatasi.

"Mnataka nini hapa?" Akoru aliwauliza.

"Tunabadilisha, mama. Hiki si cha kawaida."

"Kiacheni mpaka Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

Akawaeleza yote, mume, shemeji, mviringo, wazee. Walimsikiliza hadi mwisho, mmoja wao hata akatoa kofia. Kisha yule mkubwa wao akasema, "Tunakuelewa, mama. Lakini sisi ni mikono tu, kichwa kiko ofisini."

Akoru akaushika mlingoti kwa mikono miwili. Hawakumpiga, hawakumsukuma. Yule aliyetoa kofia alimbandua vidole kimoja kimoja, taratibu, huku akisema pole. Wakakifungua kile kipya, na kwenye karatasi akatoka ng'ombe mweusi, mnene, anayeangalia mbele.

"Huyo ni ng'ombe," Akoru akasema.

"Ngamia wameisha stoo."

"Hapa hakuna ng'ombe."

"Dereva ataona mnyama, mama. Atapunguza mwendo."

Hakulala kibandani siku ile. Alidandia lori la makaa mpaka Lodwar, akamchukua Rispa, ambaye anasuka nywele sokoni na ana simu, na kesho yake mchana wakaenda kwenye uwanja wanakotupa vibao vikuukuu. Walimkuta mlinzi anakula.

"Ubao wa ngamia?" alisema. "Umefika asubuhi, saa sita umeondoka. Wale wapenda barabara walikuwa wanarudi kutoka Lokitaung, wakauomba. Wametia sahihi. Watu wazuri sana, wameniachia hata soda."

Iliwachukua siku mbili kupata namba ya Wahu. Rispa aliweka simu sauti kubwa, akaishika katikati yao.

"Mimi ni binti wa yule mama wa ngamia," alisema.

"Yule wa makaa? Mwambie kiko salama!" Wahu alikuwa na furaha. "Kimefika Nairobi, kiko sebuleni kwangu. Na nimekitengeneza. Kilikuwa kimeungua pale pajani, nafikiri mtu aliwasha moto karibu. Nimeziba kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Huwezi kujua kama palikuwa na kitu."

Rispa akaziba simu kwa kiganja.

"Amesema nini?" Akoru akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Amepiga msasa, mama."

"Mwambie atoe hiyo puti."

"Dada," Rispa akasema kwenye simu, "ile haikuwa kuungua. Ilikuwa chapa." Akamweleza. Wahu akasema pole sana, laiti angejua, alikwangua mbao yote iliyoungua kabla ya kuziba na puti ikitoka litabaki shimo tu, akasema atatuma picha zote walizopiga. Alizituma kweli, thelathini na moja. Rispa alizipitisha moja moja. Katika zote wenyewe wamesimama juu ya mawe wamekumbatiana, na juu ya mabega yao kinaonekana kichwa cha Nakwang na sikio lake. Paja liko nyuma yao. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba paja la ngamia ni kitu cha kutazamwa.

Alhamisi ikafika. Wazee walikuja na vigoda vyao, Ethuro akaja na pikipiki, na Lokeno akaja kutoka Kakuma akimvuta Nakwang kwa kamba. Walisimama wote chini ya kibao, wakainua macho.

Walimwangalia yule ng'ombe kwa muda.

"Huyu ni wa nani?" mzee mmoja akauliza.

"Hana chapa," Lokeno akasema. "Atakayemshika ndiye mwenyewe."

Baadhi yao walicheka, hata waliokuwa upande wa Akoru, maana lilikuwa neno zuri na wao ni watu wa kupenda neno zuri. Akoru akasimulia habari ya lori, ya Lodwar, ya puti na msasa. Rispa akatoa simu, na wazee wakaipokezana, wakiigeuza kulikwepa jua. Waliliona sikio, wakakubali kwamba ni la Nakwang. Lokeno naye akakubali.

"Sikio halina ubishi," alisema. "Ni ngamia wa kaka yangu, mke wake alimchora. Tunabishania chapa."

Ethuro alimrudishia Rispa simu. Hakumtazama Akoru usoni.

"Mama Rispa, moyoni mwangu naamini uliyosema," alisema. "Lakini niliwaambia watu hawa waje waone, na hakuna cha kuona. Siwezi kumtoa ngamia kwa mtu kwa sababu ya moyo wangu. Ukipata shahidi mwingine, uje."

"Shahidi gani mwingine?"

"Sijui, mama."

Wazee wakaokota vigoda vyao. Lokeno akaivuta kamba, na Nakwang akavuka lami. Lori moja likaja kwa kasi kutoka upande wa Lodwar. Dereva akaona kibao cha ng'ombe, akatafuta ng'ombe kwa macho, hakumwona, akaendelea vile vile. Lokeno akaruka, ngamia akaruka, lori likapita karibu nao kwa upana wa mkono. Akoru alikuwa amesimama na kiganja mdomoni. Upande wa pili Nakwang akasimama, akageuza kichwa nyuma. Lokeno akamchapa fimbo ya shingo, akaenda.

Jua lilipoanza kupungua, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya magunia ya makaa. Ndani yake walikuwa kijana na mkewe, na kamera imelala katikati yao.

"Shikamoo mama. Tunatafuta kile kibao cha ngamia anayeangalia nyuma. Tumeambiwa kiko hapa."

Akoru akaangalia barabara. Vumbi la Lokeno lilikuwa bado halijatulia. Akainua mkono, akawaonyesha upande wa Kakuma.

"Ameenda huko," akasema.

Wakamshukuru, wakawasha gari, wakaenda kumtafuta.