Gurudumu la Mwanamisi

Nimekosa, ndugu zangu wasomaji, tena nilikosa huku nikidhani ninasaidia.

Mimi ni mwalimu wa shule ndogo upande wa Kinondo. Mtoto asipoelewa, humweleza tena na tena bila kukasirika. Ndiyo maana jambo hili linaniuma!

Mwanamisi alikuwa msichana pekee darasani mwangu. Baba yake, mkwezi wa minazi, alikubali asome mpaka siku ya maonyesho ya kazi za watoto shuleni tu.

"Nitakuja nione mwenyewe," aliniambia. "Kama kuna alichojifunza, ataendelea. Kama hakuna, atarudi amsaidie mamake."

Mtoto akaunda gurudumu la vifuu vya nazi. Ukimimina maji juu, vifuu hujaa na gurudumu huzunguka. Lakini lake lilisitasita, kisha likakwama.

"Limelewa tembo hilo!" wavulana wakamcheka.

"Halikulewa. Upande huu ni mzito." Akakwangua kifuu kimoja kwa kipande cha chupa, akajaribu tena. Hiyo ndiyo sayansi, jamani! Na mimi nilimwona!

Lakini mkaguzi Mzungu naye alikuwa anakuja siku ile ile, nami nikaogopa aibu. Alasiri ya siku iliyotangulia, watoto walipokwenda chuoni kusoma Kurani, nikalifungua gurudumu lake. Nikatia vifuu vingine vilivyolingana, na katikati nikapitisha chuma cha baiskeli.

Kesho yake lilizunguka kama pia ya kuchezea! Mkaguzi akatabasamu. Baba mtu akachuchumaa, uso umemkunjuka.

"Mwanangu, umelifanyaje?"

Mwanamisi akanitazama, kisha akainama. "Si langu, baba. Langu lilikwama."

"Bwana mwalimu, ni lake au si lake?"

Mkaguzi alikuwa amesimama ubavuni mwangu, kalamu mkononi.

"Ni lake," nikasema. "Anaona haya tu."

Baba akainuka taratibu. "Binti yangu hanidanganyi. Kama shule yenyewe ndiyo hii, basi. Mwanamisi, twende."

Baadaye nilikwenda kwao kukiri na kuomba radhi. Nikapewa kahawa kwa heshima zote, nikaambiwa, "Yameshapita, mwalimu." Mtoto alikuwa uani, anakuna nazi.

"Shikamoo, mwalimu. Vile vifuu vyangu umeviweka wapi?"

Nilikuwa nimevitia motoni, nikachemshia chai!

Walimu wenzangu, nanyi wazazi, mtoto akiunda kitu kikapinda, mwulize kwa nini kimepinda, kisha mwachie. Na ukishamharibia, kiri pale pale, hata mbele ya mkubwa wako. Mimi nilikiri baadaye, mlango wa shule ukiwa umeshafungwa kwake.