Unga Aliouacha Apolonia

Wateja wa Yusta Ambrosi hawakuwa watu wa kumsifia kwa wenzao. Aliyeshinda kesi ya shamba humtaja wakili wake kilabuni mpaka wanywaji wachoke, lakini aliyeshtakiwa kwa kubaka, hata akiachiwa huru, akimwona aliyemtoa huvuka barabara. Yusta alishazoea. Ofisi yake ilikuwa Iyunga, Mbeya, chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya malori, na mtu akija kupanda zile ngazi alikuwa akitazama nyuma kwanza kuona kama kuna anayemfahamu.

Sokoni Uyole, Mwantumu muuza viazi hakumwacha apite hivi hivi.

"Wakili wa wabakaji kaja. Leo nakupimia kwa mkono wangu, usije ukanishinda na mimi."

"Pima vizuri, Mwantumu. Ukikamatwa kwa kupunja nitakutetea."

"Mimi nikikamatwa nitakuwa nimesingiziwa."

"Wote husema hivyo."

Wanawake wa meza za jirani walicheka. Siku moja tu, akifunga mdomo wa kiroba, Mwantumu aliuliza bila utani, "Lakini Yusta, unalalaje?"

"Kama wewe. Nikichoka."

Jibu lilikuwa la kweli, au lilikuwa la kweli wakati huo. Kazi hii aliiingia kwa sababu ya fundi cherehani mmoja, Shedrack, ambaye shemeji zake walitaka kiwanja chake, na walipokikosa wakamtafutia kesi ya kubaka. Mtu yule alikaa mahabusu mpaka mkewe akaolewa na mwingine, kisha ikaonekana kwamba siku iliyotajwa alikuwa amelazwa, mguu ukiwa umening'inizwa. Tangu hapo Yusta aliamini kwamba mashtaka ambayo kila mtu anayachukia ndiyo yanayohitaji mtu wa kuyauliza maswali. Alijiwekea na mwiko: hamuulizi mwanamke alivaa nini, alimpenda nani, wala kwa nini hakupiga kelele. Aliuliza mwanga, umbali, sauti, muda. Mawakili wenzake waliokuwa wakiwachana mashahidi kwa aibu aliwadharau kimyakimya. Yeye mikono yake aliiona safi.

Kisha akaja Apolonia.

Alitoka kijiji cha jirani na Igowole, kule Mufindi, kijiji ambako Yusta mwenyewe alizaliwa na ambako mama yake amezikwa. Alipanda ngazi na buti za mpira, akakaa, akamtazama wakili kwa muda kama anayetafuta mtoto aliyemfahamu ndani ya yule mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wa Ambrosi. Nimekubeba mgongoni wewe." Akavuta kiti mbele. "Mwanangu Jailos, polisi wamemchukua."

Aliyemtaja Jailos ni Goodness, binti anayechuma chai, ambaye bibi yake Yudith amemlea tangu wazazi walipofariki. Jioni moja alikuwa akirudi kwa njia inayopita kati ya misonobari na mashamba ya chai, ukungu umeshuka kama unavyoshuka kule, mtu haoni kiganja chake. Akakamatwa kwa nyuma. Uso hakuuona. Alisema alimjua kwa namna anavyokohoa, kikohozi cha mara mbili na kuguna, ambacho amekisikia tangu utotoni nyumba ya tatu kutoka kwao.

Kikohozi ni kitu chepesi mbele ya hakimu. Yusta aliisoma hati ya mashtaka akiwa na uhakika wa kukibomoa. Kilichomkwaza ni kingine. Kabla Jailos hajakamatwa, wakati kijiji kizima kinajua Goodness kapatwa na nini ila hakuna jina lililotajwa, Apolonia alikwenda kwa Bibi Yudith na ungo wa unga uliofunikwa kanga. Upande wa mashtaka ulisema mama alikwenda kumwombea mwanawe radhi. Mama gani huomba radhi kwa jambo ambalo mwanawe hakulitenda?

Hapo Yusta alitabasamu, maana wakili wa serikali, Isihaka, alikuwa mzaliwa wa Pangani, na hakimu naye alikuwa mgeni wa nyanda hizi. Wao wangejuaje? Kijijini kwao nyumba ikiungua, mtoto akifariki, mtu akivunjika mguu, majirani hupeleka unga. Wenyeji husonga ugali wa unga ule ule, na aliyeuleta hula pamoja nao, hata tonge moja. Ndivyo wanavyosema tuko pamoja.

"Mama, tumepona," alisema. "Utasimama mbele ya hakimu umweleze tunavyofanya. Ulipeleka unga, wakasonga, ukala, ukarudi nyumbani. Basi."

Apolonia alikuwa akichezea upindo wa kitenge chake.

"Sikula."

"Hawakusonga?"

"Yudith aliinjika maji. Aliniambia kaa. Nikaweka ungo chini nikaondoka."

Yusta aliweka kalamu mezani. Mtoto yeyote wa kijiji kile anajua. Anayeleta unga asile, ana jambo na nyumba ile, kosa lake au la watu wake. Si lazima aseme. Amekwisha kusema.

"Kwa nini, mama?"

"Siku ile Jailos alirudi akaoga. Maji ya baridi, nje, na ule ukungu. Mtoto wangu haogi asubuhi ya Krismasi mpaka nimfukuze na mwiko." Alitaka kucheka, akaukunja upindo wa kitenge badala yake. "Sikumuuliza. Na wewe usiniulize zaidi. Ila unga niliupeleka, na kula nisingeweza. Ningekulaje?"

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, utingo akipiga bodi kwa kiganja. Yusta alisubiri lizimwe.

"Basi hutakuwa shahidi," alisema.

"Utamwacha?"

"Sijasema hivyo."

Kuoga si ushahidi. Alijiambia hivyo ndani ya basi alipokuwa akienda kwenye kesi, na alikuwa sahihi. Watu huoga. Alijiambia pia kwamba kazi yake si kujua nani alifanya nini, ni kuuliza kama serikali imethibitisha. Hilo nalo ni kweli, na bila hilo Shedrack angekuwa gerezani mpaka leo. Miaka thelathini ndiyo iliyokuwa ikimsubiri Jailos. Angetoka mzee, amkute mama yake kaburini.

Goodness alitoa ushahidi faragha, milango imefungwa. Yusta alimhoji kwa upole, kama alivyowahoji wote.

"Uso wa mtu huyo uliuona?"

"Sikuuona."

"Ukungu ulikuwa mzito kiasi gani?"

"Sana."

"Kijijini, msimu wa baridi, wanaokohoa ni wachache au wengi?"

Goodness alimtazama. Walikuwa wamesali kanisa moja, Yusta akija likizo, Goodness akiwa mtoto wa kwaya aliyesimama mbele kwa ufupi wake. "Ni wengi, dada," alisema, kisha akajirekebisha, "wakili."

Ule upole wake, alioujivunia miaka yote, siku ile ulimkaa mdomoni kama dawa chungu.

Akaja Bibi Yudith. Isihaka alimwongoza vizuri mpaka kwenye unga: nani aliuleta, lini, alisema nini. Apolonia hakusema kitu, bibi alieleza, aliweka tu. Yusta aliinuka. Alikuwa na swali moja lililokuwa salama, na la pili ambalo hakutaka liulizwe na mtu yeyote ndani ya chumba kile.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwana wa Ambrosi." Hakimu aliinua uso. Bibi hakujali.

"Kijijini kwetu, mtu akipatwa na tatizo, majirani hupeleka nini?"

"Unga."

"Siku zile, ni Apolonia peke yake aliyewaletea unga?"

"Wengi walileta."

"Na wote hao waliwaombea watoto wao radhi?"

"Hapana. Walikuja kwa sababu ya majonzi."

Ilipasa akae. Alibaki amesimama kidogo, maana bibi alikuwa bado anamtazama, mikono juu ya mkongojo, kama mtu anayengoja kijiko cha pili. Bibi Yudith alikuwa tayari. Swali la pili alilijua, na jibu lake alilijua.

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Isihaka aliulizwa kama atamhoji tena shahidi wake. Alipekua karatasi, akatikisa kichwa.

Kwenye mgahawa wa nyuma ya mahakama alimfuata Yusta na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mtu muungwana, asiyebeba kinyongo nje ya chumba cha kesi.

"Ule unga wako umenipiga chenga, dada yangu. Ni kweli kwenu mnapelekeana?"

"Ni kweli."

"Na ndiyo hivyo tu, mtu anaweka anaondoka?"

Aliuliza kwa kudadisi tu, akipuliza chai yake. Upande wake ulikuwa bado haujafunga ushahidi. Yusta alitazama mvuke.

"Kila nyumba na namna yake," alisema.

Hakimu alisema kwamba utambuzi wa kikohozi ndani ya ukungu hauwezi kumpeleka mtu gerezani, na kwamba unga, kwa mila za mahali pale, hauonyeshi hatia ya mtu yeyote. Jailos hakuwa na kesi ya kujibu. Apolonia hakushangilia. Alimshika mwanawe kiwiko akamtoa nje kama anavyotolewa mgonjwa, na Jailos, akipita mbele ya Yusta, akakohoa mara mbili na kuguna.

Baada ya hapo kulala kulimshinda, hata akichoka. Habari zilimfikia kupitia kwa dada yake aliyebaki kijijini. Goodness ameacha kuchuma chai. Vijana wanakohoa akipita. Wanawake kisimani wanasema amemsingizia mtoto wa watu, mahakama yenyewe imesema. Yusta alijaribu kumweleza dada yake kwamba mahakama haikusema hivyo, ilisema tu haikuthibitishwa.

"Hiyo tofauti itafute huko huko Mbeya," dada alisema. "Hapa haipo."

Ndipo alipoamua kwenda. Alinunua unga mzuri Uyole, mweupe, na Mwantumu akamuuliza nani kafiwa. Nia yake ilikuwa wazi: atapeleka unga kwa Bibi Yudith, watasonga, atakula tonge. Alitaka kusafishika mbele ya nyumba ile. Kaburi la mama yake lilikuwa kule, naye alitaka kuwa mtu anayeweza kulitembelea mchana, akisalimiwa.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, na uani kwa Bibi Yudith kulikuwa na majirani waliopitia, wanakoboa mahindi na kuzungumza. Yusta aliingia na ungo wake.

"Kamwene, bibi," alisalimia kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mwana wa Ambrosi. Karibu kigoda."

Bibi alipokea ungo, akanusa unga, akasema ni mzuri. Hakuuliza umeletwa kwa nini. Goodness alikuwa jikoni, akaonekana mlangoni, akarudi ndani. Maji yakainjikwa. Walizungumzia mvua na bei ya mahindi mpaka ugali ukaja, na majani ya maboga pembeni, na Goodness mwenyewe akashika birika la kunawia.

Yusta akanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "siku ile mahakamani. Ulijua swali nililoliacha?"

"Nililingoja."

"Kwa nini hukulisema mwenyewe?"

"Hakimu aliniambia nijibu ninachoulizwa. Nikasema, huyu ni mtoto wa hapa, ataliuliza." Akasogeza sahani. "Kula, ugali unapoa."

Goodness alikuwa bado amesimama na birika, maji yakidondoka chini.

"Dada Yusta, mimi sitaki arudishwe mahabusu," alisema. "Hilo limepita. Nataka mtu mmoja tu aniambie kama niliota. Maana wananiambia niliota, na siku nyingine naanza kukubali."

Majirani waliacha mahindi wakageuka kumtazama Yusta.

Yusta alilijua alilolijua kwa kazi yake. Maneno ya Apolonia yalisemwa ofisini, kwa wakili, na mdomo wake ulikuwa umefungwa na kiapo ambacho bado alikiamini, kwa sababu ya Shedrack na wengine wa namna yake. Hangeweza kusema hukuota. Kusema sijui kungekuwa uongo. Mbele yake ulikuwapo ugali, mweupe, mvuke ukiisha juu yake, na tonge moja lingetosha kumrudisha Mbeya akiwa mtu safi. Majirani wote wangekuwa mashahidi kwamba wakili wa Jailos hana jambo na nyumba ya Yudith. Na jioni hiyo hiyo, kisimani, wangesema basi, si mnaona, Goodness aliota.

Alikunja mikono mapajani. Ilikuwa mibichi bado, ikalowesha sketi.

Bibi Yudith alimega tonge lake, akala, akangoja. Mwanamke mmoja ukutani alitaka kukohoa akajizuia. Ugali ukaanza kufanya ngozi juu.

Kisha Yusta akasimama. "Asante, bibi," alisema, na sahani yake ilikuwa nzima kama ilivyoletwa.

Hakuna aliyemwambia kaa. Alipita katikati ya majirani, nao walimpisha njia kwa namna ambayo mtu wa kijiji kile anaielewa: hatakaribishwa kigoda pale mpaka jambo lile liwe limekwisha, na pengine halitakwisha. Dada yake angelaumiwa pia. Apolonia angesikia kabla jua halijazama, naye angejua wakili amesema bila kusema, kama alivyofanya yeye.

Nyuma yake alisikia mwanamke akiuliza polepole, "Hajala?"

"Hajala," Goodness alijibu, kwa sauti ambayo uani wote uliisikia, kisha akainama akaiokota sahani.